Nilivyomfunika Mama Zawadi kwa Rangi

Nimeacha kazi. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na mchoraji wa kuta anayetetemeka ana njia mbili tu: awadanganye watu kwamba huo ndio mtindo wake mpya, au ashuke kwenye ngazi. Nimeshuka. Brashi zangu nimezigawa zote isipokuwa moja, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu imebaki na nywele chache.

Nyie wadogo zangu wa kikundi chetu cha wachora kuta mmeniomba niandike, na najua mnachotaka. Mnataka habari ya ukuta wa Chamazi, kwa sababu mmeisikia kwa watu watano na kila mmoja kaongeza chumvi yake. Kuna wanaosema kuku walitoka ukutani wakatembea barabarani. Hakuna kuku aliyetoka. Kilichotokea ni kidogo kuliko hicho, na miaka yote hii sijakizoea. Nitafika huko, ila lazima nianze na ng'ombe, kwani msipojua tulivyofundishwa kuchora ng'ombe hamtaelewa kwa nini niliogopa.

Nimezaliwa Kinondoni. Baba yangu, mtu wa Singida, alikuwa karani, na alitaka nami niwe karani. Mimi nilijaza madaftari picha za walimu wangu, nao hawakufurahia walivyoonekana. Nilipomaliza shule baba alikata tamaa kistaarabu: alinishika mkono akanipeleka kwa Mzee Akbar, mtaa wa pili, aliyekuwa na karakana ya kuandika mabango. Mzee Akbar alikuwa Mhindi wa Dar es Salaam, babu yake kazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilinishinda mimi kwa adabu na kwa matusi pia. Mwezi wa Muharram ukiingia alifunga karakana siku kumi, akavaa nyeusi, na mteja wa kupiga hodi siku hizo alikuwa anapoteza muda wake.

Siku ya kwanza sikushika rangi. Alinipa kopo la thina na brashi ishirini chafu, akasema sitachora kitu mpaka nioshe brashi ambayo yeye anaweza kuifutia kwenye shati lake jeupe. Jioni nilimpa moja niliyoona ni safi. Akaifuta kifuani. Ikaacha doa la bluu. Hakugomba, ila kila Jumatatu alikuja na shati lile lile, na wateja wakiuliza doa la nini, alininyooshea kidole tu. Ilichukua wiki saba kabla hajavaa shati jingine.

Riziki yetu kubwa ilikuwa mabucha. Kila bucha lilitaka ng'ombe ukutani, na Mzee Akbar alikuwa na ng'ombe mmoja aliyemkata kwenye bati zamani sana. Ulilibandika bati ukutani, ukapitisha penseli pembeni, ukajaza rangi. Mwananyamala, Magomeni, Tandika, kote ni ng'ombe yule yule mnene mwenye tabasamu. Kitu kimoja tu hakikukatwa kwenye bati, nacho ni jicho. Jicho alilichora mwenyewe kwa mkono, mwisho wa kazi yote, na alilielekeza pembeni, kwenye majani au kwenye kona ya ukuta. Hakulielekeza mbele hata siku moja.

Nilimuuliza sababu. Akaniambia kwamba alipokuwa kijana alichora ng'ombe wa Magomeni akitazama mlangoni. Watu wakawa wanakuja hadi kizingitini, wanasimama, halafu wanakumbuka kwamba leo walitaka samaki. Mwenye bucha alimwita arekebishe. Aliligeuza jicho, na wateja wakarudi siku ile ile.

"Mie mshikaki nakula, tena sana," alisema. "Ila mtu anayenunua nyama anataka kuwa peke yake. Ng'ombe hamtazami mteja. Umesikia?"

Nikasikia. Niliichukua kama mbinu ya kazi, kama vile kuchanganya rangi kivulini, na nikaifuata miaka mingi bila kujiuliza inatusema nini sisi.

Somo lake la pili lilikuwa la lami. Mnajua kwamba lami ya kuzibia paa ukiiyeyusha kwa petroli inatoa weusi mzuri kuliko wa dukani. Mzee Akbar aliiruhusu kwenye matangi ya maji tu. Ukutani aliikataza kabisa, kwa sababu lami haifunikiki. Utaipiga rangi ya maji juu, itakaa siku chache, kisha inapanda, kwanza kahawia, halafu nyeusi kama ulivyoichora. Kinachoizuia ni rangi ya fedha ya mabati. Hiyo ikikauka, lami haipiti. Nawaomba mkumbuke hilo, kwani ni kanuni ya kazi na nimeijaribu mara nyingi.

Macho ya Mzee Akbar yalipoanza kuingia ukungu alifunga karakana akabaki nyumbani. Mimi nilihamia Tandika na kufanya kazi peke yangu. Kwa kuwa sikuwa na mpinzani mwanamke, mabango ya kinamama wote yakaja kwangu: saluni, mama lishe, mashule ya vidudu. Mabucha pia hayakunitupa. Ng'ombe wangu walitazama pembeni na kila mtu aliridhika.

Kisha akaja Bwana Faustine. Alikuwa na banda la kuchinjia kuku wa kisasa upande wa Chamazi, akipeleka kuku hoteli za Kunduchi na kwa wachoma chipsi wa Mbezi Luis. Alikuwa mtu mpole. Alinipa kiti, akaniita mama, akanionyesha ukuta wake mrefu unaotazama barabara. Alitaka kuku wanono kwenye majani mabichi, na wanawake wenye aproni safi wakiwa wamewabeba. Akasisitiza nichore wafanyakazi wake halisi, ili mtaa uone kwamba anaajiri watu wa hapo hapo. Kwa hiyo ni yeye aliyeniambia niingie ndani na daftari langu. Mimi sikuomba.

Nilikuwa nimekula kuku maisha yangu yote na sikuwahi kuingia mahali kama pale. Wanawake walikuwa saba. Walisimama ndani ya maji yenye manyoya tangu alfajiri, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukalia na kukaa kulikatazwa. Katikati palikuwa na mapipa mawili ya maji ya moto juu ya mawe. Kuku walikuja kwenye matenga yaliyopangwa moja juu ya jingine mpaka darini, na wa chini wengi walifika wamekufa, wamelowa uchafu wa wa juu. Mchinjaji, mzee wa Mbagala, alisema bismillah akakata, na kwa haki ya dini na ya kuku alitakiwa amwache ndege atulie kabisa kabla hajaguswa. Hakupewa nafasi hiyo. Anayechelewesha mstari alikatwa mshahara. Kwa hiyo ndege waliingia majini wakiwa bado wanarusha miguu, na wanawake wakawashika hivyo hivyo na kuanza kunyonyoa. Sikuona hata mmoja mwenye kucha zote kumi.

Kilichonishangaza ni ukimya. Watu saba, mamia ya kuku, na hapakuwa na sauti isipokuwa maji. Kuku wa kwenye matenga walikuwa wamenyamaza kabisa, wote wakitazama upande mmoja, kwenye mapipa.

Nilichora haraka ili nitoke. Wa tatu kutoka getini alikuwa Mama Zawadi, mwanamke mrefu, mchangamfu kuliko wenzake. Aliniomba nimchore akiwa na kuku mkononi, anamtazama yule kuku, kama mtu anayebembeleza mtoto. Akasema hapo walau itaonekana kuna mtu aliwahi kumtazama. Nikacheka, nikachora.

Ukuta nilimaliza kwa wiki mbili. Kuku wote niliwaelekeza macho pembeni, kama nilivyofundishwa, na wanawake nikawatazamisha kwenye kuku wao. Siku ya kuchora macho, rangi nyeusi iliniishia, duka lilikuwa mbali, na nyuma ya banda kulikuwa na kopo la lami. Nilijiambia ukuta huu ni mpya, nani atakuja kuufunika. Macho ya wale wanawake saba niliyachora kwa lami. Macho ya kuku nilikuwa nimeshayamaliza kwa kahawia ya dukani. Hilo pia naomba mlikumbuke.

Kama miezi miwili baadaye nikasikia Mama Zawadi ameungua. Kuku mmoja alitumbukizwa pipani akiwa hai kabisa, akazinduka ndani ya maji ya moto na kupiga mabawa. Mama Zawadi akajivuta nyuma, akaligonga pipa, nalo likammwagikia. Mkono wa kushoto wote, bega, na upande wa shingo. Wenzake walimbeba. Ndugu zake walipokwenda kwa Bwana Faustine kuuliza habari za matibabu, alisema kwa upole wake ule ule kwamba hamjui huyo mtu, hajawahi kufanya kazi kwake, labda alikuwa anapita kununua utumbo. Mkataba hakukuwa nao. Daftari la wafanyakazi halikuwepo. Hakuna aliyekuwa na karatasi yenye jina lake.

Kitu pekee kilichomwonyesha pale ndani kilikuwa ukuta wangu.

Bwana Faustine alilijua hilo kabla yangu. Alinipigia simu, akasema kuna mama mmoja hapo pichani ameshaacha kazi, niende nimtoe, niweke gunia la chakula cha kuku. Nataka niwe mkweli kwenu: nilijua. Habari za kuungua nilizipata kwa wanawake wenyewe, getini, na maneno ya bosi nikaambiwa pia. Nilikwenda na kopo la rangi ya krimu, nikampaka kuanzia kichwani. Sina sababu nzuri ya kuwapa. Alikuwa mteja mzuri na nilijizoeza kutobishana na wateja. Nilifanya kazi safi, hata mshono haukuonekana, na niliporudi nyumbani nililala vizuri.

Siku ya tisa simu ikaita. Kuna doa, alisema. Nilikuta madoa mawili ya kahawia juu ya gunia langu, yameachana kadiri ya macho ya mtu. Nikajilaani kwa ajili ya ile lami. Nilikwangua kwa msasa, nikapiga chokaa matabaka mawili, nikarudishia gunia. Siku ya kumi na mbili yakarudi, na safari hii yalikuwa na kope.

Mara ya tatu sikufanya mchezo. Nilinunua rangi ya fedha ya mabati, nikaipiga nene, nikaiacha siku mbili ikauka kama karai. Halafu krimu, halafu gunia. Nilimwambia Bwana Faustine kwamba sasa amalize wasiwasi. Kwa siku kumi na sita ukuta ulikaa safi, na nikaanza kujisifu.

Siku ya kumi na saba alinipigia na hakunisalimia. Nilifika saa sita mchana, jua la utosi, barabara nzima inaona. Macho yalikuwa meusi, kamili, juu ya gunia. Nilisimama mbele yake na ngazi yangu begani nikiyakagua, kwa sababu mimi nilimchora Mama Zawadi akitazama chini, kwa kuku wake. Macho yale yalikuwa yananitazama mimi. Nilisogea hatua tatu kulia. Nikasogea kushoto. Kisha nikaona kuku. Wale wawili waliokuwa jirani naye, niliowachora kwa rangi ya dukani isiyo na lami hata tone, walikuwa wamegeuka nao. Jicho ni nukta moja na nusu duara, nyie mnajua, hakuna nafasi ya kukosea kuona. Nilikuwa nimeyaelekeza kushoto na sasa yalikuwa yanatazama barabarani.

Bwana Faustine alisema mie mchawi. Alisema wanawake wake sasa wanapita mlango wa nyuma, na kwamba wateja wawili wa mitaani wamehama. Nilibeba ngazi yangu nikaenda moja kwa moja Kinondoni.

Mzee Akbar alikuwa amekaa barazani kwake, haoni tena zaidi ya mwanga na kivuli. Nikamwamkia shikamoo, akanitambua kwa harufu ya thina. Nilimsimulia yote, pamoja na sehemu yangu, maana kwake kuficha hakukuwa na faida. Alinisikiliza mpaka mwisho na akaniuliza kuhusu ile rangi ya fedha: niliichanganya vizuri, ilikauka siku ngapi.

"Lami kupanda, hiyo kazi yake," alisema. "Kutazama siyo kazi ya lami."

Nikamuuliza basi nifanyeje, niubomoe ule ukuta?

"Huyo mama yu hai?"

"Yu hai, Mzee."

"Sasa mie unaniuliza nini, na ukuta unaongea nao nini? Mtu yupo. Nenda kwake."

Nilimfuata siku mbili baadaye. Mama Zawadi alikuwa amehamia kwa dada yake, Kinyerezi, karibu na mitambo ya gesi. Nyumba yenyewe inanguruma kidogo mchana kutwa, ukiweka kikombe mezani unaona chai inatetemeka. Dada yake alinifungulia akanitazama kama mtu aliyekuja kudai. Mama Zawadi alikuwa kitandani, ameegemea mito, mkono umefungwa hadi begani. Vidole vya kushoto vilikuwa vimeshikana. Nikampa pole, akaitikia. Nilijitayarisha kuongea habari ya ukuta, yeye akaanza.

Alisema mkono anauvumilia, kinachomsumbua ni macho. Madaktari wameyapima na hawaoni kitu. Kuna siku moja, wiki chache baada ya kuungua, aliamka akakuta kila kitu ni krimu, kama mtu aliyefunikwa uso na shuka la maziwa. Haikuwa giza, ni krimu tu, kila upande. Ilimkaa siku nane, tisa, halafu ikaanza kutoboka katikati, matundu mawili, akaona tena. Akashukuru Mungu. Baada ya hapo ikamrudia, nyeupe zaidi, kama chokaa, karibu wiki mbili.

"Na ya tatu?" nilimuuliza.

"Ya tatu ilianza kung'aa. Kama bati jipya juani. Nikasema sasa ndo nakufa. Siku mbili inaning'aria hivyo, halafu krimu tena. Imeniachia juzi."

Rangi ya fedha sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa mzee asiyeona, siku mbili nyuma. Hata Bwana Faustine hakujua nilichopiga chini. Nilikaa pale nikiangalia chai ikitetemeka na nikahisi aibu ambayo sijawahi kuihisi mbele ya mtu. Sikuwa na hofu tena, na aibu ilikuwa mbaya zaidi.

"Ulikuwa wewe?" aliuliza.

"Ni mimi. Aliniambia nikufunike. Nikakufunika mara tatu."

Hakunigombeza. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, kama anayehakikisha. Kisha akasema hana haja ya mimi kulia. Ndugu zake wamepeleka malalamiko, afisa kazi atakuja bandani kuona kwa macho yake, na bosi anasema hakuwahi kuwepo. Alitaka kitu kimoja: ionekane kwamba alikuwepo, wa tatu kutoka getini, miaka minne.

"Utasema?" aliniuliza.

"Nitasema."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Nilikuwa na siku kumi na moja kabla ya afisa kuja. Ng'ambo ya barabara, mkabala na banda, aliishi mwalimu mstaafu, Mwalimu Grace, aliyekuwa anavuta harufu ya manyoya kila siku ya Mungu na hampendi jirani yake. Nilimwomba ukuta, akanipa na chai juu. Nilichora nilichokiona mule ndani: matenga hadi darini, wa chini wamekufa, mapipa mawili, mikono saba bila nyuso, kucha kama zilivyo. Katikati nikamchora kuku aliye ndani ya maji ya moto, kichwa nje. Jicho lake nililiacha mwisho. Nilipanda ngazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nililielekeza mbele.

Watu walisimama. Wengine walicheka, wengine waliniuliza kama nimeacha kula nyama, na mama mmoja alisimama na mfuko wake wa sokoni mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Mabucha yalinifuta wiki hiyo hiyo. Wenye mabucha wa Temeke wanajuana wote. Bwana Faustine alivuka barabara mara moja, akautazama ukuta wa Mwalimu Grace, akarudi bandani.

Asubuhi ya siku ya afisa, nilipofika, nilikuta ukuta wa banda umepigwa plasta ya saruji kuanzia getini hadi mwisho. Kila kitu kilikuwa kimekwisha: kuku, majani, wanawake, na macho. Ilikuwa bado mbichi, ya kijivu, inanukia maji, na fundi anaosha mwiko wake kwenye ndoo. Bwana Faustine alinisalimia vizuri kabisa.

Afisa kazi alikuwa mwanamke mtulivu mwenye faili chini ya kwapa. Mama Zawadi alikuja na dada yake, kitenge begani kufunika bandeji. Nilisema kila kitu, pale pale barabarani: kwamba nilimchora kwa amri ya bosi, akiwa kazini, na kwamba nilimfunika kwa amri ya bosi pia. Nilionyesha kwa kidole alipokuwa. Afisa alitazama saruji. Bwana Faustine akasema kwa huruma kwamba mimi ni fundi mwenye kinyongo, na akaelekeza mkono kwenye ukuta wa ng'ambo ili ajionee matusi ninayowachorea watu. Daftari langu la michoro nilikuwa nalo, lakini bosi akauliza ni nani asiyeweza kuchora sura kwenye daftari leo asubuhi. Lilikuwa swali zuri. Nilimwona afisa akiliandika.

Hapo ndipo mlango wa mbele wa banda ulipofunguka. Wanawake sita walitoka na aproni zao za maji. Hakuna aliyewaita, na walijua kwamba kutoka vile ni kuacha kazi. Walitembea hadi ukutani, mmoja mmoja, wakageuka, wakaegemea saruji mbichi. Nilipoona mpangilio nilishika ngazi. Walikuwa wamesimama kama nilivyowachora, yule mfupi wa kwanza, yule wa kilemba wa pili, mikono imekunjwa kana kwamba kila mmoja amebeba kuku. Baada ya wa pili waliacha nafasi ya mtu mmoja.

Mama Zawadi alimwachia dada yake kitenge. Alikwenda akaingia kwenye ile nafasi, akaegemea, akaukunja mkono wake uliofungwa. Wote saba wakamtazama afisa. Magari yalikuwa yanapita, nayo sikuyasikia. Ndani ya banda kuku hawakutoa sauti.

Afisa aliwahesabu kwa kalamu, polepole, kutoka getini. Alipofika wa tatu alisimamisha kalamu, akasogea, akauliza: "Jina lako nani, mama?"

Mama Zawadi akalitaja jina lake lote, matatu. Likaandikwa.

Walipojitoa ukutani saruji ilikuwa imeshika migongo yao. Migongo saba, mabega, visigino, na wa tatu ana bega moja lililojaa kwa bandeji. Bwana Faustine alimwita fundi alainishe, ila fundi alikuwa ameshafunga ndoo zake na kuondoka.

Kesi alishinda Mama Zawadi, kwa kuchelewa na kwa mizunguko, lakini alishinda. Mkono ulitibiwa, ingawa vidole havikuachana. Wawili kati ya wale sita hawakurudishwa kazini, na sitaki hilo lisahaulike mnapolisimulia. Bandani wakaamriwa ndege aachwe atulie kabla ya maji, na kuna daftari la majina.

Kazi yangu iliyobaki mnaijua, mliianza nami: punda wa maji, mbwa wa minyororo kwenye magodauni, wanawake wa kokoto Kunduchi, wasichana wa kazi za ndani. Wote wanatazama mbele. Mmenisifu sana kwa hilo, na magazeti pia yaliwahi kunisifu, yakaandika kwamba ukuta wa Chamazi ndio ulionifanya msanii. Sijawahi kurekebisha, na sasa narekebisha. Kazi niliyoifanya kwenye ukuta ule ilikuwa kumfunika mtu. Waliomfunua ni wenzake, kwa migongo yao.

Mama Zawadi bado namtembelea. Ananipikia, tunacheka, ananiuliza habari zenu. Mwaka jana, kabla mkono haujaharibika kabisa, nilimwomba kitu ambacho nilikuwa nakizunguka miaka mingi: nimchore mara moja, vizuri, kwenye ukuta wake mwenyewe, ambao hakuna bosi wa kuuamrisha.

Alinimiminia chai kwanza.

"Hapana, Tabitha," alisema. "Ukinichora, ipo siku mtu atakwambia unifunike."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba siwezi kufanya vile tena. Alikuwa ananitazama usoni, anasubiri niseme, na sikuweza kulisema.